Samadi, Nyongo na Jicho: Asili ya Maneno ya Hisia katika Kilatini na Lugha Zilizozaliwa Nacho

Mkulima wa Italia akitaka shamba lishibe kabla ya kupanda, hulimwagia letame. Letame ni samadi. Neno hilo ni mtoto wa laetamen la Kilatini, na laetamen lilitokana na laetus, neno lile lile ambalo Warumi walimwita nalo mtu mwenye furaha. Kabla ya kuwa sifa ya mtu, laetus lilikuwa sifa ya ardhi: udongo wenye rutuba, mimea iliyostawi, ng'ombe walionona. Furaha ya moyoni ilikuja baadaye. Felix nalo lina historia inayofanana na hiyo. Mti ulioitwa felix ulikuwa mti unaozaa, na wanaisimu huliweka neno hilo katika ukoo mmoja na maneno ya kunyonya na kunyonyesha, likiwemo femina, mwanamke. Kutoka humo Wahispania walipata feliz na Waitaliano felice. Leo Mhispania anamtakia mwenzake heri ya siku ya kuzaliwa kwa neno lililokuwa la matunda na maziwa.

Hoja yangu ni hii: neno la hisia kwa kawaida halizaliwi likiwa neno la hisia. Huazimwa. Hutoka shambani, mwilini, sokoni, mahakamani au kwa mganga, na likishaingia moyoni halitulii. Hupoa, huwaka upya, huhama kutoka chuki kwenda uchovu, kutoka uchungu kwenda hamu. Ukilifuata hatua kwa hatua unakutana na watu waliolitumia: walilima nini, waliugua nini, walimtii nani, waliomba kwa lugha gani. Kilatini kinafaa kuliko lugha nyingi kwa uchunguzi wa namna hii. Kimeacha maandishi mfululizo tangu vichekesho vya Plautus, aliyefariki karibu mwaka 184 KK, na kina mabinti walio hai ambao huitwa kwa pamoja lugha za Kirumi: Kiitaliano, Kifaransa, Kihispania, Kireno, Kikatalani, Kioksitani, Kiromania na nyingine ndogo. Mama tunamsoma, mabinti tunawasikia. Ni nadra kwa mwanaisimu kuwa na pande zote mbili mkononi.

Mwili ndio ulioazimisha zaidi. Angustus kwa Kilatini ni -embamba, kama njia nyembamba kati ya majabali, na angere ni kubana au kukaba koo. Kutoka hapo likaja angustia, nafasi iliyobana, na kutoka nafasi iliyobana ikaja fadhaa ya moyo: angustia kwa Kihispania, angoscia kwa Kiitaliano, angoisse kwa Kifaransa. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufundishwa jambo hili, kwa kuwa dhiki yetu imetoka katika neno la Kiarabu lenye maana hiyo hiyo ya ufinyu. Horrere lilikuwa kitendo cha nywele kusimama, na washairi wa Roma walilitumia hata kwa shamba la nafaka linapochomoza masuke. Likazaa horror, na katika Kiromania likaenda mbali zaidi likawa a urî, kuchukia, na ură, chuki. Yaani hofu iliyosimamisha nywele za Mrumi imegeuka chuki ya Mromania. Rancor nalo lilianza kama harufu ya mafuta yaliyochacha. Waandishi wa Kikristo walilitwaa kumaanisha kinyongo kilichokaa moyoni kikavunda, na hadi leo Mfaransa ana rancune, Mhispania rencor, Mwitaliano rancore.

Kisha jicho. Invidia, husuda, limeundwa na in na videre, kuona: kumtazama mtu kwa jicho la ubaya. Warumi waliliogopa jicho hilo kweli kweli na kuwavisha watoto wao hirizi za kulikinga. Sisi tuna kijicho, na tumelijenga neno hilo kwa mantiki ile ile bila kuazima kwa Mrumi wala yeye kuazima kwetu. Lakini tazama mabinti walivyoutumia urithi huo. Mhispania mwenye envidia na Mreno mwenye inveja bado wana husuda. Mfaransa mwenye envie, mara nyingi, ana hamu tu: anaweza kuwa na envie ya kulala au ya kula embe bila kumwonea mtu yeyote kijicho. Kilichotokea ni kwamba husuda hutamani cha mwenzake, na polepole mwenzake akasahauliwa, ikabaki tamaa yenyewe. Neno lililokuwa dhambi limekuwa neno la kila siku mezani.

Mahakama nayo ilitoa sehemu yake. Poena, ambalo Warumi walilichukua kwa Wagiriki, lilikuwa fidia inayolipwa kwa damu iliyomwagika. Likawa adhabu kwa jumla, kisha maumivu, na katika Kihispania pena ni huzuni. Katika Mexico, Kolombia na nchi nyingine za pande hizo, mtu akisema anaona pena mara nyingi anamaanisha anaona haya. Fidia, adhabu, maumivu, huzuni, haya: hatua tano, na kila moja inaeleweka ukiitazama pamoja na iliyotangulia, ingawa ya kwanza na ya mwisho hazijuani kabisa. Lástima, ambalo ni masikitiko ya kumhurumia mtu, lilianza kwa kumtukana Mungu. Kitenzi blasphemare cha Kilatini cha kanisa kililegea kikawa kutukana, kisha kuumiza, ndipo Wahispania wakapata lastimar, na kutoka kwa jeraha ikaja huruma kwa aliyejeruhiwa.

Wasomi hawakukaa pembeni. Mwaka 45 KK, baada ya kufiwa na binti yake Tullia, Cicero aliandika Tusculanae Disputationes, akachukua mafundisho ya Wastoa wa Kigiriki kuhusu hisia na kuyatafutia maneno ya Kilatini. Wagiriki walikuwa na neno pathos. Cicero anaeleza kwamba angeweza kulifasiri kwa morbus, ugonjwa, lakini akachagua perturbatio, vurugu au msukosuko. Akazipanga hisia katika makundi manne: aegritudo, yaani huzuni, ambalo kwa asili ni hali ya kuumwa, metus, hofu, libido, tamaa, na laetitia, furaha iliyopita kiasi. Naona uchungu katika mpangilio huo. Baba aliyefiwa anakaa kuigawanya huzuni vipande vipande, akiutafutia kila kipande jina, kana kwamba akishaitaja itamtii. Karibu miaka 90 baadaye Seneca aliandika vitabu 3 juu ya ira, hasira, akaieleza kwa macho yanayowaka, uso unaobadilika rangi na pumzi zinazokwenda mbio.

Perturbatio halikudumu katika kinywa cha watu. Lililoshinda lilikuwa passio, kutoka pati, kuteseka au kutendewa, na lilishinda kwa sababu kanisa lililitumia kwa mateso ya Kristo na ya mashahidi. Kwa hiyo passion ya Wafaransa na pasión ya Wahispania, ambazo leo watu huzipachika kwenye mapenzi motomoto na hata kwenye mpira wa miguu, zilipitia msalabani. Neno la jumla tunaloliona leo kila mahali, émotion, ni changa sana. Linatokana na kitenzi cha kutikisa na kuhamisha, na katika Ufaransa ya karne ya 16 émotion lilikuwa fujo za raia, watu kuamka dhidi ya kodi au bei ya mkate. Émeute, ghasia za mitaani, ni ndugu yake. Descartes alipochapisha kitabu chake cha hisia mwaka 1649 alikiita kwa neno passions, na ndani yake akalitumia émotion kwa msukosuko wa roho. Fujo za barabarani zilihamia kifuani, na baadaye ndipo saikolojia ikazifanya istilahi.

Watawa walichangia kwa njia nyingine. Yohane Cassian, aliyeanzisha monasteri huko Marseille mwanzoni mwa karne ya 5, aliwaletea Walatini neno la Kigiriki acedia: uzito wa moyo unaomshika mtawa mchana jua linapokuwa utosini, akachoka na sala, akaona siku haiishi. Papa Gregori Mkuu, mwishoni mwa karne ya 6, alipanga upya orodha ya maovu na kuiweka hali hiyo chini ya tristitia, huzuni. Waitaliano bado wana accidia. Caritas nalo lilianzia sokoni. Carus ni ghali, na kwa Cicero mwenyewe caritas linaweza kuwa bei ya nafaka iliyopanda. Wafasiri wa Biblia walipotafuta neno la upendo wa Kimungu walilichukua hilo, nalo likapaa. Mfaransa bado anasema cher kwa kitu cha bei kubwa na kwa mtu anayempenda.

Hasira ndiyo hisia iliyobadilisha nguo mara nyingi kuliko zote, na inastahili kukaliwa zaidi. Ira la Seneca limebaki katika Kiitaliano na Kihispania kama neno la vitabu na la mahubiri. Katika Kifaransa ire limekufa, hupatikana kwa washairi wa zamani. Nafasi yake iligombewa na wengi. Wafaransa wa Zama za Kati walikuwa na courroux, lililotokana na corrumpere, kuoza na kuharibika, na Waitaliano wana corruccio la asili hiyo hiyo. Kisha utabibu wa Hippocrates na Galen, ulioamini kwamba mwili unaendeshwa na vimiminika vinne, damu, kohozi, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi, ukashuka kutoka vyuoni hadi kwenye kinywa cha mtu wa kawaida. Nyongo ya manjano kwa Kigiriki ni kholē. Kutoka humo, kupitia cholera ya Kilatini, ikaja colère ya Kifaransa na collera ya Kiitaliano. Nyongo nyeusi ikatoa melankolia. Katika Kihispania neno cólera limegawanyika kwa jinsia: likiwa la kike ni hasira, likiwa la kiume ni kipindupindu. Gabriel García Márquez alijua alichokuwa akifanya alipoliweka kwenye jina la riwaya yake ya mwaka 1985 kuhusu mapenzi ya muda mrefu. Upande mwingine kuna rabies, kichaa cha mbwa, lililotoa rage, rabbia, rabia na raiva. Katika lugha zote nne ugonjwa na hasira bado vinakaa katika neno moja, na daktari wa mifugo wa Lisbon anayechanja mbwa dhidi ya raiva anatamka neno ambalo jirani yake hulitumia akikosewa.

Hata hivyo safari inayonishangaza kuliko zote ni ya odium, chuki. Mrumi alisema kitu kiko in odio kwake, yaani anakichukia. Kutokana na maneno hayo mawili Kilatini cha mitaani kikaunda kitenzi inodiare, kumfanya mtu achukie. Kikaingia Gallia, Italia na Hispania, na kila mahali kikaota mmea tofauti. Huko Hispania, kupitia Kioksitani, kikawa enojar, kukasirisha, na enojo, hasira. Huko Italia, kwa njia hiyo hiyo ya Kioksitani, likaja noia, kuchoshwa na mambo. Huko Ufaransa kikawa ennuyer, na ennui lilikuwa kwanza mateso makali ya moyo. Katika tamthilia za Racine za karne ya 17 ennui bado ni jambo la kulia machozi. Mhusika mwenye ennui ameachwa na ampendaye, dunia imemwishia. Leo mwanafunzi wa Bukavu au Bujumbura akisema darasa ni ennuyeux anamaanisha linamchosha tu. Mtu akimfasiri Racine kwa Kiswahili na kuandika kuchoka kila anapokutana na ennui, atakuwa amemuua mwandishi. Na tusidhani jambo hili ni la Wazungu peke yao: hasira yetu imetoka kwa ḥasra ya Kiarabu, ambayo ni majuto na masikitiko. Mahali fulani njiani kwenye pwani yetu, masikitiko yalipandisha joto.

Hofu inatufundisha jambo lingine. Warumi walikuwa na metus, timor, pavor, terror na formido, na mabinti waliligawana boma. Mhispania na Mreno walichukua metus wakapata miedo na medo. Mwitaliano, Mfaransa na Mkatalani walichukua pavor wakapata paura, peur na por. Mromania alibaki na timere katika teamă, lakini neno lake la kawaida, frică, ni la Kigiriki. Mfaransa ana pia craindre, kuogopa. Kimsingi hilo ni tremere, kutetemeka, ila sauti zake za mwanzo zimepindwa na neno la Wagallia waliokuwa wakisema Kikelti kabla ya Warumi kufika. Na ana effrayer, kutisha, ambalo shina lake ni neno la Wafranki la amani. Kumtisha mtu, kwa asili ya neno hilo, ni kumtoa katika amani. Hapo Mlatini ametoa kiambishi tu. Moyo wa neno ni wa mgeni.

Wageni hao ndio wanaotupeleka kwenye swali zito kuliko la mizizi: kwa nini watu waazime jina la kitu ambacho kila mtu anacho? Hakuna taifa lililokosa chuki hadi jirani alipoileta. Lakini tazama Kifaransa. Chuki, haine na haïr, ni ya Wafranki. Haya, honte, ni ya Wafranki. Kiburi, orgueil, ni cha Wafranki, na kimesambaa hadi orgoglio ya Italia na orgullo ya Hispania. Kilatini kilikuwa na maneno yake: odium limebaki kama odio kwa Mwitaliano na Mhispania, na verecundia limebaki kama vergogna na vergüenza. Gallia ya kaskazini ndiyo iliyopokea mengi. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 5 Wafranki walikuwa watawala pale, wenye mashamba, wapiganaji, waamuzi. Chuki, haya na kiburi ni hisia za heshima, za nani amemdharau nani na atalipaje. Wanaotawala heshima ya watu huleta na msamiati wake. Upendo, furaha na huzuni hawakuvigusa. Vikabaki vya Kilatini.

Kiromania kinaonyesha sura ya pili. Kupenda ni a iubi, na mapenzi ni dragoste. Yote mawili ya Kislavi. Masikitiko ni jale, huruma ni milă, tumaini ni nădejde. Ya Kislavi pia. Furaha, bucurie, ina mzizi wa kale zaidi unaoonekana vilevile katika Kialbania, ambako bukur ni -zuri. Chuki ndiyo ya Kilatini. Waslavi hawakuwa mabwana wa muda kwa Waromania. Walikuwa majirani, wakwe, na zaidi ya yote walikuwa watu wa ibada moja, kwa kuwa kanisa na ofisi za watawala viliendeshwa kwa Kislavoni hadi karne ya 17. Upendo, huruma na tumaini ni maneno yanayosikika kanisani na arusini. Ndiko yalikoingilia.

Mwambao wetu unathibitisha kanuni hiyo kwa pande zote mbili. Kiarabu kimetupa furaha, huzuni, hofu, hasira na wasiwasi, huku penda, chukia, ogopa na wivu vikibaki vya Kibantu. Wareno walifika mwaka 1498 na hawakutoka Mombasa hadi Ngome ya Yesu ilipoanguka mwaka 1698. Miaka 200 hiyo imetuachia meza, leso, mvinyo, karata na gereza. Ni vyombo, nguo, kinywaji, mchezo na jela. Kujuana kwa biashara na mizinga huleta majina ya vitu. Majina ya hisia yanahitaji watu walioana, waliosali pamoja, waliolea watoto nyumba moja.

Upendo wenyewe una nafasi yake katika maandishi ya kwanza kabisa ya Kifaransa. Tarehe 14 Februari 842, huko Strasbourg, wajukuu wawili wa Karolo Mkuu walikula kiapo cha kushirikiana dhidi ya ndugu yao, na sehemu ya kiapo hicho iliyo katika lugha ya watu wa Gallia ina neno amur katika maneno yake ya mwanzo, likimaanisha upendo wa Mungu. Lakini amour la leo lina kasoro ya kimatamshi. Dolorem la Kilatini limetoa douleur, calorem limetoa chaleur. Kwa kanuni hiyo amorem lilipaswa kutoa ameur, na kweli katika Kifaransa cha kale lilikuwepo. Lililoshinda lina sura ya kusini, ya Kioksitani, na wataalamu wengi wanaona kwamba lilipanda kaskazini pamoja na nyimbo za matrubaduri, washairi waimbaji wa huko kusini. Wa kwanza kati yao ambaye mashairi yake yamesalia ni Guilhem wa 9, mtawala wa Aquitaine, aliyeishi kati ya 1071 na 1126. Waliimba mapenzi ya mwanamke wa cheo, ya subira na adabu na mateso matamu, na mapenzi hayo yakawa mtindo wa majumba yote ya watawala. Neno la kaskazini lilikuwa na maana ileile, ila la kusini lilikuwa na wimbo. Jaloux, mwenye wivu wa mapenzi, linabeba alama hiyo hiyo ya kusini, ingawa asili yake ya mbali ni zelus, bidii ya kidini iliyotoka kwa Wagiriki.

Wengine hawakuridhika na amare. Mhispania akimwambia mpenzi wake anampenda, kwa kawaida hutumia querer, lililotoka quaerere, kutafuta. Mkatalani hutumia estimar, lililotoka aestimare, kukadiria thamani ya kitu. Mwitaliano kwa mama yake, rafiki yake na mara nyingi mpenzi wake husema anamtakia mema. Kumtafuta, kumthamini, kumtakia mema: ningependa kuamini kwamba vitenzi hivi vitatu vinasema kuhusu upendo zaidi ya risala nyingi za wanafalsafa, na kwamba watu wa kawaida ndio waliovichagua.

Inabaki hamu ya aliye mbali, uwanja ambao mataifa hupenda kudai ni wao peke yao. Mfalme Duarte wa Ureno, aliyefariki mwaka 1438, katika kitabu chake Leal Conselheiro aliichambua suidade, ambayo leo ni saudade, akaitenga na huzuni, uchungu na kuchoka, na akadai kwamba hakuna neno kama hilo katika Kilatini wala lugha nyingine aliyoijua. Uchambuzi wake ni wa thamani kubwa. Wachache kabla yake walikuwa wameitazama hisia moja kwa utulivu kiasi hicho. Dai lake halisimami. Neno lenyewe ni la Kilatini, solitas, upweke, sauti zake zikiwa zimevutwa kuelekea saúde, afya. Na jirani zake wana yao. Mkatalani ana enyorar, ambalo Wahispania waliliazima wakapata añorar, nalo limetoka ignorare, kutojua: uchungu wa kutojua mpendwa yuko wapi na ana hali gani. Mromania ana dor, lililotoka dolus la Kilatini cha baadaye, maumivu, neno lile lile ambalo kwa Mfaransa limekuwa deuil, msiba na matanga. Kwa Mromania maumivu yaliegemea kwa aliye hai na yuko mbali. Kwa Mfaransa yaliegemea kwa marehemu.

Saudade ilivuka bahari ikafika Afrika. Katika Kikrioli cha Cape Verde inaitwa sodade, na wimbo wa jina hilo ulioimbwa na Cesária Évora mwaka 1992 unahusu njia ndefu ya kwenda São Tomé, ambako Wacape Verde walipelekwa kufanya kazi mashambani enzi za ukoloni wa Ureno. Mfalme wa karne ya 15 alikuwa akiwaza kuhusu jamaa waliokuwa mbali na kasri. Kwa wavuja jasho wa visiwani neno hilo lilibeba meli, mkataba na familia iliyobaki bandarini. Sauti ni zile zile, mzigo ni mwingine kabisa. Linganisha na nostalgia, ambalo lina tarehe ya kuzaliwa: mwaka 1688 mwanafunzi wa udaktari Johannes Hofer aliliunda kwa mizizi ya Kigiriki katika tasnifu yake huko Basel, kutaja ugonjwa wa Waswisi waliokuwa mbali na kwao. Lugha zote za Kirumi zimelipokea, na sasa ni hamu ya nyakati zilizopita zaidi kuliko ya mahali.

Kuna hatari ya kulewa mizizi. Mwitaliano anayebeba letame hahisi furaha ya Warumi, na Mfaransa aliye heureux, mwenye furaha, hawazi kuhusu augurium, ubashiri wa kutazama ndege, ambao ndio uliozaa neno lake. Asili ya neno haituambii mtu wa leo anahisi nini. Inatuambia watu fulani, wakati fulani, walilinganisha hisia na nini, na nani alikuwa jirani yao walipofanya hivyo. Pia haina uwezo wa kuthibitisha kwamba taifa fulani linahisi kwa kina kuliko lingine. Wanaotumia saudade au dor kujivuna wanasahau kwamba neno limetoka nyumba moja na la jirani wanayemdharau.

Yote haya yanajulikana kwa sababu kuna watu waliokaa chini wakayaandika. Wilhelm Meyer-Lübke alianza kuchapisha kamusi yake ya asili ya maneno ya lugha za Kirumi mwaka 1911. Walther von Wartburg alianza ya Kifaransa mwaka 1922, nayo imefikia juzuu 25. Kiswahili kina msingi wa kuanzia: kamusi ya Krapf ya mwaka 1882, ya Charles Sacleux ya mwaka 1939 inayotaja asili za maneno, na miswada ya tenzi kwa hati za Kiarabu, ukiwemo Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728. Ndani ya tenzi hizo hasira, hamu, dhiki na huba zimo katika muktadha wake, zikingoja kupangwa kwa tarehe na mahali. Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Dar es Salaam, mabaraza ya Kiswahili ya BAKITA na BAKIZA, na vyuo vya Kenya wana wataalamu wa kuifanya kazi hiyo. Waianze na maneno ya hisia, na waianze wakati wazee wa Lamu, Pate na Unguja wanaoyajua maneno ya zamani bado wapo wa kuulizwa.